Shikamoo ya Mtani

Mwezi uliopita nilizuia jeneza. Mtu mzima mimi, mwenye magoti yanayolia nikiinama, nilikaa katikati ya mlango wa nyumba ya watu huko Kisarawe, nikanyoosha miguu yote miwili na kutangaza kwamba maiti hatoki. "Huyu Mzaramo haendi popote," nilisema. "Nimeambiwa anaumwa, nimepanda treni kutoka Tabora, mgongo umekufa ganzi, nafika namkuta amelala zake! Hata kunipokea mzigo hakuweza? Ndiyo adabu mnayofundishana huku pwani?" Wanawake waliokuwa wakilia tangu alfajiri walianza kucheka huku machozi bado yanawatiririka, na wanaume waliobeba jeneza wakasimama palepale, maana sheria waliijua. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani na kulala katika vijiji vya babu zao, wakapigana, wakachoka kupigana, wakaanza kutukanana kwa kucheka. Mtani hukutukana, hukukamatia kuku wako, hukuita mke wake mbele za watu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Siku ukifa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wanao. Kazi hiyo nilimfanyia Sefu, na sitaki kujisifu lakini niliifanya vizuri. Nilimwigiza anavyotembea, nikamwigiza anavyokohoa akitaka kudanganya, mpaka bintiye Zuhura akanishika mkono, akaniinua, na baba yake akapita.

Wanaume walipokwenda makaburini, Zuhura aliniletea chai ya tangawizi chumbani, akakaa kwenye mkeka karibu yangu. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake na harufu ya ubani, na mtu mmoja nyuma alikuwa anasimulia bei ya saruji kana kwamba hakuna msiba. "Mama," Zuhura akaniuliza, "hivi wewe na baba mlijuana wapi?" Nikamwambia, "Juu ya farasi." Wote wakaangua kicheko. Mwenye saruji naye akacheka, ingawa nina hakika swali hakulisikia. Nilikuwa nasema kweli tupu! Lakini ndiyo hivyo, ukishakuwa mtani wa watu hata kweli yako inachekwa. Nikanywa chai yangu. Usingizi haukunijia siku zile Kisarawe, wala njiani kurudi, na nilipofika Tabora nikajikuta sikai ndani, naingia natoka, kama mwaka ule ule.

Mwaka ninaousema ni ule wa vijiji, wakati watu walipokuwa wakihamishwa kutoka walikokuwa wakakae pamoja na kulima pamoja. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, msichana mkubwa tayari, sina la kufanya, na kukaa sijawahi kujua. Shangazi yangu, aliyekuwa akiishi nasi tangu mama alipotangulia, aliniita kiguu na njia. Nyumba yetu ya Chemchem ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mdogo wenye meza moja na redio moja, na kila treni ilipopiga honi stesheni nilijikuta nimesimama mlangoni bila kujua nimeinuka saa ngapi. Treni za Tabora zina mateso yake. Hii inakwenda Kigoma, ile Mwanza, nyingine Mpanda, nyingine Dar es Salaam, na wewe umekaa katikati yake unachambua mchele. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa akipita kila wiki kutukumbusha kwamba asiye na kazi maalumu mjini atapelekwa kijiji kipya mbele ya Ntalikwa. Baba alikuwa na shamba lake la karanga upande huo, kwa hiyo habari ile haikumnyima usingizi. Mimi iliniua. Jembe sikuliogopa hata kidogo, nimelima mimi tangu mdogo. Nilichoogopa ni kukaa mahali pamoja mpaka meno yang'oke, nikizisikia treni kwa mbali.

Ndipo Bwana Rajabali alipoleta michezo yake. Alikuwa Mhindi wa hapa hapa mjini, mwenye duka la vitambaa, Kiswahili chake cha Tabora kimenyooka kuliko cha balozi wetu. Alikuwa ameinunua michezo ile Dar es Salaam kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, akaipakia kwenye mabehewa ya wazi, na siku iliposhushwa mji mzima ulikuwa pale stesheni kutazama farasi wakibebwa vichwani na wanaume. Akaisimamisha kwenye kiwanja nyuma ya ghala lake, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: Bustani ya Furaha. Bustani yenyewe hakuna, hata jani. Kulikuwa na farasi wanane wa mbao waliozunguka kwa nguvu ya injini iliyotoka kwenye mashine ya kusaga, kwa hiyo ukipanda ulikuwa unanusa unga. Kulikuwa na bunduki za upepo za kupigia makopo, na meza ya mpira yenye wachezaji wa mbao waliochomekwa kwenye vyuma. Ndani ya ghala kulikuwa na mashine mbili za gololi zenye taa na kengele, na nyuma ya pazia chumba cha vioo vilivyopinda, vinavyokufanya mrefu kama mlingoti au mpana kama pipa. Nilikwenda siku ya kwanza kutazama, siku ya pili nikaomba kazi. Nikapewa farasi, yaani kuchana tiketi na kupiga kelele watu waje. Kelele nilikuwa nazo.

Mwenyekiti wa tawi alikuja na wajumbe wake kukagua kama michezo hii haiendi kinyume na Ujamaa. Nilijibanza karibu na mashine ya gololi nisikie. "Hii gololi inakwenda wapi?" akauliza. "Inashuka, mzee," akajibu fundi aliyekuja na mitambo kutoka Dar. "Na mchezaji anafanya nini?" "Anaipiga na hivi vibawa isishuke." "Mpaka lini?" "Mpaka ishuke." Mwenyekiti akafikiri. "Kwa hiyo kila mtu anashindwa?" "Kila mtu, mzee. Hata Bwana Rajabali." "Basi hapo pana usawa," mwenyekiti akasema, na wajumbe wakatikisa vichwa. Kwenye chumba cha vioo hakukaa sana. Aliingia mwembamba, akajikuta kwenye kioo ana tumbo kama la yule bepari anayechorwa kwenye mabango, akatoka mbio na kuamuru kile kioo kigeuziwe ukutani. Fundi akakigeuza. Mwenyekiti alipoondoka, akakirudisha.

Fundi huyo ndiye Sefu. Kijana mrefu, mikono imejaa grisi, kofia ya kiua ameivalia nyuma ya kichwa. Mimi na yeye tulitambuana siku ileile. "Kabila gani wewe?" "Mnyamwezi." "Alhamdulillahi! Nilikuwa natafuta wa kunibebea sanduku." "Sanduku la nini, Mzaramo? Kila ulichonacho umeshakiuza uchezee ngoma." Basi, ikawa ndiyo salamu yetu. Watu walikuja kupanda farasi, wakabaki kutusikiliza. Bwana Rajabali alisema sisi wawili tunamletea wateja kuliko ile rangi nyekundu, na kila Ijumaa mkewe alituletea bajia kwenye sahani ya bati, akitukataza tusigombane wakati wa kula. Hakuwahi kuelewa kwamba hatugombani, yule mama.

Wiki ya pili baba alikuja na fimbo. Alikuwa amesikia binti yake anafanya kazi kwenye nyumba ya kamari, na tangu mama afariki alikuwa mtu wa maneno machache na hasira ya karibu. Nilimwona kwa mbali nikasema leo ni leo. Sefu alikuwa chini ya farasi anakaza nati. "Nani yule?" "Baba yangu." Akatoka, akajifuta mikono, akaenda kusimama katikati ya kiwanja, akapaza sauti: "Wewe mpagazi! Umechelewa! Mzigo wangu umeuacha wapi? Tangu Bagamoyo nakungoja!" Baba akaishusha fimbo. Akamtazama yule kijana juu mpaka chini, kisha nikaona kitu usoni mwake ambacho sikuwa nimekiona tangu msiba wa mama. "Mzaramo," akasema polepole, kama mtu anayeonja chakula alichokisahau, "mzigo nimeuuza. Nimekuchezea ngoma ya mwali wako, maana alikuwa anaozea ndani na wewe huna hata kuku." Watu walicheka mpaka wakashikana. Siku ile baba yangu, mtu mzima mwenye mvi, alipanda farasi wa mbao akiwa na fimbo yake mkononi, na Sefu alikimbia pembeni yake akimwomba asiwachape wanyama wa watu.

Tangu hapo Sefu akawa anakula kwetu. Ukumbi ule mdogo ambao nilikuwa naukimbia, sasa nilikuwa nauwahi. Tulikula ugali na mlenda, au kisamvu cha karanga, na wakati wa njaa njaa tulikula matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo Sefu alivigonga mezani kabla ya kutia mdomoni. "Mzee, hivi si chakula, hivi ni mbao. Nitavipeleka nikazibe farasi." "Kula," baba akamjibu, "upate meno ya kuwauma wakwe zako." Wakati wa kunawa, Sefu alikuwa akinigeukia: "Mke wangu, maji." Na baba, bila kukosa, "Mchukue! Mahari yake kuku mmoja kipofu, na kuku mwenyewe umtafute wewe." Tulicheka sote. Shangazi alikuwa anacheka mpaka anafuta macho na upindo wa khanga. Mimi pia nilicheka, lakini kila akiniita vile nilimmwagia maji mikononi nikiangalia ukuta.

Niseme tu, nilimpenda. Asubuhi kabla ya kufungua alikuwa lazima aijaribu injini, na mimi nilipanda farasi wa mbele, wa bluu, tukiwa wawili tu kiwanjani. Aliwasha, farasi wakaanza kuzunguka, na kila nikipita mbele yake alinitajia stesheni inayofuata kwenye njia ya kwenda kwao. "Itigi!" Nikazunguka. "Manyoni!" Nikazunguka. "Dodoma, nunua zabibu!" Kilosa, Morogoro. "Ruvu! Jifunge khanga vizuri, unaingia kwa watu!" Nilishuka pale kichwa kinanizunguka na miguu inaniwasha. "Siku moja nitakuoa tuondoke," alikuwa akisema huku anaizima injini. "Nenda zako, nyani hasafiri na mtu," nikamjibu. Ningemjibu nini? Nilirudi nyumbani nikamuuliza shangazi, kama mtu anayeuliza habari za mbali, "Hivi mtani akisema kweli utamjuaje?" Shangazi alikuwa anapepeta. "Mtani hasemi kweli," akasema. "Siku akisema kweli, utani umekufa." Kisha akaacha kupepeta, akaniangalia. "Na ujue, Kalunde, mzaha mzaha hutumbuka usaha."

Mvua zilipoanza kunukia, mwenyekiti akaleta habari. Kiwanja kinatakiwa. Watu wanaokwenda vijijini watakusanyikia pale, na malori yatawachukulia pale. Bwana Rajabali hakubishana. Aliamua michezo iende Mwanza kwa treni pamoja na fundi wake, ikitoka Mwanza ndiyo irudi pwani. Na mimi, michezo ikiondoka, sina kazi, na asiye na kazi mnajua anakopelekwa. Jina langu, la baba na la shangazi yalikuwa tayari kwa balozi. Yaani ilikuwa hivi: treni ya Mwanza na Sefu, au lori la Ntalikwa na jembe. Wiki mbili tu zilibaki. Nilikuwa silali, sili, nachana tiketi za watu vipande vitatu.

Ijumaa Sefu akaja nyumbani baada ya sala. Hakuja na nguo za grisi. Alivaa kanzu nyeupe, kofia ameikalisha sawasawa, mkononi ana sukari iliyofungwa kwenye karatasi, na sukari siku zile ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Akavua viatu nje, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akaingia ameinamisha kichwa. "Shikamoo, mzee." Baba akaanza kucheka, akamngojea amalizie. Hakumalizia. "Shikamoo gani, Mzaramo? Umepotea nyumba?" "Hapana, mzee. Nimekuja kuwajulia hali." Akakaa karibu na mlango. Chakula kilipoletwa alikula kidogo, macho chini, na alipomaliza akasema, "Chakula kizuri sana, mzee. Mungu awazidishie." Yalikuwa matobolwa! Baba akaacha kula. Sefu alinipokea maji ya kunawa bila kuniita chochote, akaaga kwa mikono miwili, akaenda zake.

"Nimemkosea nini?" baba akauliza. Shangazi akasema labda ni yule kuku kipofu, amechoka kuambiwa habari za kuku. "Kuku kipofu ni wa tangu babu zetu!" baba akafoka. "Nani anakasirikia kuku kipofu?" Akaiangalia ile sukari kama imewekewa dawa. Mimi nami nilijua amekasirika, na nilijua ni kwa ajili yangu, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimemwambia mbele ya vijana wa bunduki za upepo kwamba Wazaramo hawaendi Mwanza, wanazama hata kwenye ndoo. Leo nikisimulia watu huniuliza, ninyi mlikuwa wajinga wote watatu? Mtu kavaa kanzu, kaleta sukari, kaamkia kwa heshima, hamjaelewa? Hatukuelewa. Kwa mtu mwingine tungeelewa kabla hajakaa. Lakini mtani wako akikuamkia shikamoo, hapo kuna ugomvi. Ndivyo tulivyolelewa, na sijui mwenzangu yeyote wa rika lile ambaye angefikiri vingine.

Kesho yake nilimwendea kiwanjani kwa hasira. Alikuwa anawafungua farasi mmoja mmoja na kuwalaza chini. "Kwa nini umemnunia baba yangu?" "Sijamnunia. Nimemwamkia." "Wewe humwamkii baba. Wewe humtukana!" "Ndiyo," akasema. Akashika spana, akaiweka chini. "Mtu hamtukani mkwewe, Kalunde." Kulikuwa na mlio wa nyundo ghalani na harufu ya unga kwenye injini, na mimi mikono yangu sikujua niiweke wapi. "Sasa mbona hukuniambia?" "Nimekuambia mwaka mzima." "Ulikuwa unatania!" "Ningesemaje?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli, uso wake haukuwa na mchezo hata chembe. "Kila neno ninalolijua la kusemea hilo nimeshalitumia kwenye utani. Limebaki hilo moja tu, shikamoo." Nikamwambia nitakwenda naye. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kumtukana, mara moja tu maishani. Nimeolewa baadaye na mtu mwema, nimezaa naye, nimemzika, simlalamikii Mungu. Na simu zilipokuja, Sefu na mimi tulipigiana kila Idi, yeye akiniuliza mzigo wake, mimi nikimuuliza ngoma yake, wake kwa waume wa pande zote mbili wakicheka pembeni. Lakini neno la kweli halikupita tena kati yetu baada ya asubuhi ile.

Msichana hamwambii baba yake habari za mchumba. Nilimwambia shangazi, na shangazi akamwambia baba wakiwa uani, nami nikiwa nyuma ya dirisha nimeziba mdomo kwa khanga. "Yule kijana hajakasirika," alisema. "Anakuheshimu." Baba akauliza, "Aniheshimu kwa nini?" "Maganga, usijifanye mtoto." "Kwa hiyo hatanitukana tena." "Mkwe atakutukanaje?" "Wala hatutakula sahani moja." "Utamwekea yake, na wewe utakula yako, kama watu wote wenye wakwe." Nikamsikia baba anachezea fimbo yake ardhini. "Kwa hiyo nitampoteza yeye, na Kalunde nitampoteza," akasema. Shangazi alipoingia ndani aliniambia mambo yalivyo, kwamba siku baba akimwitikia Sefu marahaba amekubali, na siku akimtukana amekataa, na asiposema kitu tutakaa hivihivi mpaka treni iondoke.

Na baba hakusema kitu. Loo, wiki ile! Sefu alikuja kila siku na kanzu yake, na kila akibisha hodi mbele, baba alikuwa ameshatokea nyuma, mara anakwenda kuangalia kuku wa jirani, mara anamtafuta fundi baiskeli. Siku moja walikutana uso kwa uso penye kona ya msikiti. "Shikamoo, mzee," Sefu akasema, na baba akakohoa, akakohoa, akakohoa mpaka mtu akamletea maji. Shangazi alisema kama si aibu ingekuwa kichekesho. Mimi sikukiona kichekesho. Nilimchukia baba, nikamhurumia, nikamchukia tena, yote kabla ya chai ya asubuhi.

Siku ya treni baba alivaa koti lake na kusema anakwenda kumuaga mtani wake. Alisema mtani, nikasikia. Nikasema nami nakwenda. Nilikuwa nimevaa magauni mawili, moja juu ya jingine, na khanga juu yake, kwa sababu mwenye mzigo huulizwa anakwenda wapi. Stesheni ilikuwa imejaa wanaokwenda na wanaosindikiza, na jua lilikuwa limesimama utosini. Farasi walikuwa wamelazwa kwenye behewa la wazi, miguu juu, vioo vimefungwa magunia. Bwana Rajabali alikuwa anagombana na karani juu ya namna ya kuzifunga mashine za gololi, na watu waliokuwa wakija kiwanjani mwaka mzima walikuwa wamesimama pale, wanangoja kutusikia sisi kwa mara ya mwisho. Sefu alipomwona baba, akaruka chini kutoka kwenye behewa. Akavua kofia. Akapiga goti moja kidogo mbele ya umati ule wote, akasema kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo, mzee."

Nadhani hata watu walijua hapo pana jambo. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwenye mlango wa behewa la abiria, nimeshaupima kwa macho. Baba alimtazama Sefu, akanitazama mimi, akamtazama Sefu. Midomo yake ikakutana, nikaiona, ikakutana kama ya mtu anayetaka kusema marahaba, na mimi nikanyanyua mguu.

"Mzaramo!" baba akasema. "Mzaramo wewe! Farasi umewapakia, bunduki umezipakia, mimi mpagazi wako unaniacha hapa? Nani atakubebea sanduku huko, hao farasi wenye miguu juu?" Sauti ilimkatika mwishoni, lakini hakuna aliyejali, maana kicheko kilishalipuka stesheni nzima. Sefu alibaki pale chini goti likiwa limekunjwa. Kisha akacheka. Alichelewa kidogo, lakini akacheka, ndiyo sheria, akasimama akavaa kofia nyuma ya kichwa na kumjibu, "Baki, mpagazi mzee! Mgongo wenyewe umeshaoza!" Wakakumbatiana, wanapigana migongo, baba akiwa amemng'ang'ania kama mtoto. Na mimi nilicheka. Wallahi nilicheka kuliko wote, nikajishika mbavu, kwa sababu msichana akilia penye utani ameshasema kila kitu. Sefu alinipungia mkono mlangoni mwa behewa akiniita mke wake, na nikamjibu aende salama, nyani yule, asije akazama kwenye ndoo. Treni ikavuta.

Tulirudi kwa miguu. Baba alitangulia, mimi nyuma, jasho linanichuruzika mgongoni mpaka viatuni, na nilikuwa nimeapa kwamba sitamsemesha mpaka nife. Tulipita ghala limefungwa, tukapita duka la vitambaa, tukaingia njia ya Chemchem. Karibu na nyumbani akapunguza mwendo, lakini hakugeuka.

"Kalunde."

"Abee."

"Ukifika, vua hilo gauni la ndani. Jua kali."